Boribo au ngowe? Kent au Keitt? Wanaojua maembe tukutane humu

MwembeMtano

Wakuu, habari za jioni.

Nina ekari mbili huku Mkuranga, miembe 80, nafasi ya mita kumi kwa kumi. Miche niliichukua mwaka 2018 kwenye kitalu kimoja (sitakitaja, tusije kufikishana kusikotakiwa), yote ya kubebesha (kijiti cha aina unayotaka kimeungwa juu ya mche wa kokwa). Karatasi waliyonipa iliandikwa boribo 30, Kent 30, dodo 20. Nikaitunza kwenye bahasha kama cheti cha ndoa.

Msimu huu ndio wa kwanza miti imebeba kwa maana ya kubeba. Nikamwita dada mmoja ana genge la matunda mjini aje aone mzigo. Akaanza na mistari ya Kent. Akashika embe moja likiwa bado mtini, akaligeuza akalitazama ncha, akaliachia. Mti wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akacheka. "Baba, hapa una ndugu wawili hawafanani tabia, na wewe umewapa jina moja." Nikamuuliza yupi ni yupi, akasema nimuuzie kwanza ndipo anifundishe.

Kwenye boribo nako akatia shaka. Kuna mti, namba 14 kwenye daftari langu, akasema huo haujui ni nini ila boribo sio.

Leo nimeangua manne, nimeyapanga kwenye sinia hapa mezani. Mawili yanaitwa Kent kwa mujibu wa karatasi. La kwanza limejaa mabega, zito, kijani chenye wekundu wa damu ya mzee upande mmoja, na vidoa vidogo vya njano kama mtu kalinyunyizia pumba. La pili refu kidogo, karibu lote kijani, wekundu umeligusa tu, na karibu na ncha lina kanundu kadogo pembeni, kama pua iliyokaa upande. Mengine mawili ni "boribo": moja nene, ncha butu. La nne ni la namba 14, dogo, la duara, limenuka utomvu hadi mke wangu kauliza nani kamwaga tapentaini.

Nisaidieni. Mnayatofautishaje nyie? Na msinijibu "utajua ukila". Nishakula, yote matamu.

TengaLaBuguruni

Mkuu, mie nauza maembe mwaka wa kumi na moja. Somo la kwanza: futa rangi kichwani. Rangi ndiyo inayowaibia wateja wetu kila siku. Ule wekundu ni jua. Embe lililokaa nje ya mti linapata shavu jekundu, pacha wake aliyejificha ndani ya majani anatoka kijani kitupu, na mama yao mmoja. Nimewahi kupata embe limebandikwa jani tangu likiwa changa. Nilipolitoa jani, pale chini palibaki alama ya jani zima, kijani, na pembeni pekundu. Picha kabisa.

Sasa mteja akija anataka "zile nyekundu", nampa nyekundu. Lakini tukiongea jamvini, rangi iweke ya mwisho. Tazama ncha, tazama mabega pale kikonyo kinapoingia, halafu kokwa.

MlamuHalisi

Salaam alaikum jamani. Hapo kwenye ngowe niachieni mimi, ni embe letu, Lamu ndiko lilikoanzia kusambaa pwani yote ya Kenya.

Kulijua si kazi. Jina lenyewe limeshakwambia. Ngoe si ule mti wenye kipembe cha kukunja mbele, wa kuvutia matunda? Basi embe hili lina ngoe mwilini. Ni refu, jembamba, na kule ncha limejikunja mdomo kama wa kasuku. Likiwa changa ni kijani cha kupauka, likiiva linakuwa manjano yanayokwenda kwenye chungwa, lote, bila wekundu. Ukilipasua ndani ni rangi ya karoti, nyuzi hamna, na kokwa lake refu, bapa, jembamba. Mti wenyewe si mkubwa sana, na una madeko: mwaka huu unabeba hadi matawi yanainama, mwaka wa pili unakutazama tu.

Boribo nalo refu, ndipo watu wanapochanganya. Lakini boribo lina mwili. Liweke mkononi utajua. Na ncha yake haijikunji vile.

BintiMuyuni

Kaka wa Lamu kasema kweli nusu.

Boribo si moja jamani. Sisi Unguja tuna boribo na tuna boribo muyuni, na mtu wa Muyuni ukimletea boribo la kwengine ukamwambia ni hilo, anakurudishia na kikapu chako. Shangazi yangu haangalii ncha wala nini. Analivunja kikonyo, anangoja utomvu utoke, ananusa mara moja. Halafu anachukua jani la mti ule ule, analisugua kiganjani, ananusa tena. Akishasema, kashasema. Mie nilikuwa nadhani ni maringo ya kizee, mpaka siku moja tukamfunga kitambaa machoni tukampa majani ya miembe mitatu ya uwanjani. Hakukosa hata mmoja.

Kwa hiyo MwembeMtano, hilo lako linalonuka tapentaini lishakwambia kitu. Boribo halinuki hivyo.

Mpita_Njia22

Samahani wadau, hizi boribo na ngowe si embe moja tu majina mawili? Kwetu Tanga nikinunua naambiwa boribo, nikivuka Mombasa embe hilo hilo naambiwa ngowe.

MlamuHalisi

Uliyemuuliza Mombasa ni muuzaji au mkulima? Muuzaji atakwambia jina lolote lenye bei.

TengaLaBuguruni

Hahaha, mbona unatugusa.

Ila mpita njia ana hoja. Mimi mwenyewe mzigo ukija umechanganyika, refu zote naita bolibo. Siwezi kusimama sokoni saa kumi na moja alfajiri napima ncha.

BwanaShambaMstaafu

Nimesoma yote. MwembeMtano, huyo dada wa genge anajua kazi. Unao Kent na Keitt.

Embe lako la kwanza, lenye mabega na wekundu mzito, ndilo Kent. La pili lenye kanundu pembeni ya ncha ni Keitt, na hiyo "pua" ndiyo alama nyepesi kuliko zote. Keitt hata likiiva linabaki kijani kwa sehemu kubwa. Wakulima wengi wanalisubiri ligeuke rangi, wanalisubiri hadi linaoza. Bonyeza taratibu karibu na kikonyo, usisubiri macho yakwambie.

Lakini wewe una miti, huna haja ya kubishana na tunda. Rudi shambani usimame mbali kidogo uangalie umbo. Kent husimama, matawi yamebana, kichwa kimejaa. Keitt ana matawi marefu yanayojinyoosha na kuinama, mti umeachia nafasi, unaonekana kama mtu hajachana nywele. Ukishaona tofauti hiyo mara moja utahesabu shamba lote ukiwa barabarani. Na angalia kalenda: Kent zikiwa zinaisha, Keitt ndiyo kwanza inaanza kunoga.

Kama una Tommy Atkins humo, utamjua kwa ganda gumu, rangi ya zambarau-nyekundu iliyofunikwa vumbi jeupe kama poda, na nyuzi. Linapendeza kuliko ladha yake. Wasafirishaji wanalipenda kwa sababu linavumilia chule (ule ugonjwa wa madoa meusi) na kugongwagongwa njiani.

Mnajua kwa nini hawa wanafanana hivi? Ni ukoo mmoja. Kapteni mmoja, John Haden, alipanda makokwa huko Coconut Grove, Florida, mwaka 1902, mbegu za embe la Kihindi liitwalo Mulgoba. Mmoja wa miche ile ukazaa mwaka 1910, ndiyo Haden yenyewe. Tommy Atkins ni mtoto wa Haden. Kent naye ni mtoto wa Brooks, embe jingine la Florida, na baba anadhaniwa kuwa Haden. Keitt ni mche ulioota kwenye kokwa lililopandwa mwaka 1939 na Bi Keitt wa Homestead, uani kwake. Majina yote hayo ni ya watu tu, waliotupa kokwa mahali pakaota kitu kizuri.

Na hapo kuna jambo. Hawa wa Florida kokwa lao linatoa mche mmoja, nao haufanani na mama. Panda kokwa la Kent, utapata embe, hutapata Kent. Ndiyo maana tunabebesha. Kitalu kikichanganya vikonyo (vile vijiti vya kubebeshea) siku moja tu, mkulima anakuja kujua baada ya miaka minne, mitano.

Hilo la 14 sijalimaliza. Nataka kujua kitu kimoja: kovu la kubebesha liko wapi kwenye shina, na matawi yanaanzia juu yake au chini?

MwembeMtano

Bwana Shamba, shikamoo, na asante. Nimetoka nje na tochi nikaangalia Kent na Keitt kwenye mistari ya karibu. Nywele hazijachanwa kweli! Miaka yote hii nilidhani miti ile imekosa mbolea.

La 14 nitaangalia kesho kukicha, liko chini kule karibu na bwawa.

MakueniMatunda

Hujambo jamvi. Huku Makueni tunalima "apple" kwa wingi, na kila msimu kuna mtu anauziwa dodo akiambiwa ni apple. Kwanza hilo jina linadanganya: si embe la Ulaya, ni la pwani yetu hapa Kenya, limeitwa hivyo kwa sababu ni la duara kama tofaa. Ukilishika linateleza, ganda laini, likiiva ni manjano mazito na shavu la wekundu. Ndani hakuna nyuzi kabisa. Dodo nalo laweza kuwa la duara, kubwa zaidi mara nyingi, lakini likate vipande viwili karibu na kokwa, kisha vuta kisu polepole: dodo litakishika kisu kwa nyuzi. Apple haishiki.

Van Dyke ni rahisi, ana chuchu pale ncha, dogo, jekundu la kupendeza.

Na msidhani mambo haya ni ya kufurahisha meza tu. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, tukarudi mwaka 2021. Sasa hivi mnunuzi wa nje akija anataka aina aliyoandika kwenye karatasi. Kreti moja ikiwa na vya kuchanganya, nyingine zote anazitilia shaka.

ChipukiziTabora

Nani kasema dodo lina nyuzi? Dodo la wapi hilo? Njoo Tabora nikupe dodo, unakula kwa kisu kama keki.

Tatizo lenu mnasema "dodo" kama ni jina la mtu mmoja. Dodo ni jina la ukoo! Babu kapanda kokwa, mjomba kapanda kokwa, kila mti umetoka na tabia yake, na wote tunaita dodo kwa sababu ni kubwa na limejaa. Kwetu miembe imesimama tangu enzi za misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, watu wanakula wanatupa kokwa wanaendelea na safari. Nani alibebesha?

Mkitaka embe lisilokuwa na mjadala kuleni sindano. Linyonye, mkono unatiririka hadi kiwiko, biashara imeisha.

Mpita_Njia22

Si maembe yaliletwa na Wareno? Hao misafara walikuta tayari?

KarataYaZamani

Wareno wamefika pwani hii mwaka 1498. Ibn Battuta alipita Mogadishu mwaka 1331, na kwenye chakula alichokaribishwa anataja tunda analoliita anba: kama tofaa lakini lina kokwa, likiiva tamu sana, likiwa bichi kali, linatiwa kwenye siki na kuliwa pamoja na wali. Achari ya embe hiyo, karibu miaka 170 kabla ya Vasco da Gama. Wareno wana mengine ya kujibu, hili la embe waachieni.

GhuriBinMbali

Nasalimia kutoka Muscat. Bibi yangu mzaa mama ni wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, kwa hiyo boribo nalijua kwa hadithi kuliko kwa mdomo. Huku wenyeji nao husema hamba, mnaona neno lenyewe lilivyozunguka bahari.

Vita vyetu huku ni vya Alphonso na Kesar, zote za India, zote za rangi ya zafarani ndani, na maduka yanaziweka pamoja. Alphonso, la Ratnagiri, limeviringika halina mdomo. Kesar, la Gujarat, lina ncha iliyochongoka kidogo na kujipinda. Halafu Juni likiingia Sindhri la Pakistan, na baadaye Chaunsa, tunaacha kugombana, tunakula. Kwa hiyo hata huku ni ncha, ncha, ncha. Shangazi wa BintiMuyuni angekuja hapa angefunga duka.

BintiMuyuni

Nimemsomea. Kasema kwanza mumletee hayo ya Pakistan ndipo aseme neno.

MwembeMtano

Wakuu, nimerudi. Siku nne nimekuwa shambani na daftari, mke wangu kaanza kuniuliza kama nimehamia huko.

Nimehesabu. Kwenye ile mistari ya "Kent 30", Kent ni 12, Keitt ni 17, na mmoja ni Tommy Atkins, ile poda nyeupe nimeifuta kwa kidole ikaacha alama kama kwenye kioo cha gari. Niliamua kutoamini embe moja moja. Kila mti niliangua matano, ya juani na ya kivulini, ya juu na ya chini. TengaLaBuguruni uko sahihi kuhusu rangi: kwenye Kent moja nilipata embe la kivulini lisilo na wekundu hata kidogo, kama ningekuwa na hilo pekee ningeliita Keitt na kuapa. Lakini mabega yalikuwa yale yale.

Kuna moja nililisahau dirishani, la mti niliokuwa na wasiwasi nao, likaiva likapitiliza. Nilipolipasua kokwa lilikuwa limeshatoa mkia, chipukizi jeupe limejikunja ndani ya embe lenyewe, urefu wa kidole kidogo. Binti yangu akapiga kelele akidhani ni funza. Bwana Shamba, hii ina maana gani?

BwanaShambaMstaafu

Huenda ni Kent. Ana tabia hiyo, kokwa lake likichelewa humo ndani linaota. Usimlaze muda mrefu.

Boribo je? Na swali langu?

MwembeMtano

Boribo 28 ni boribo. Moja ina mdomo wa kasuku kabisa, imejikunja, ndani karoti tupu. MlamuHalisi, pokea salamu, embe lako limefika Mkuranga bila pasipoti. Nimepima kwa mizani ya jikoni: boribo tano kwa ngowe tano za urefu karibu sawa, boribo zimezidi kila mara. Mkono hausemi uongo.

Dada wa genge amechukua Kent zote. Keitt amesema niziache mtini, atarudi wenzake wakiwa wameishiwa, na bei atakayonipa wakati huo ni nzuri kuliko ya sasa. Kwa hiyo kitalu kimenidanganya, na nisipoangalia nitaanza kukishukuru. Bado nina hasira lakini. Kama ningejua mapema ningezipanda upande mmoja, si kuruka mti huu Kent, ule Keitt, nikizungukia na ngazi kama mchawi.

Sasa namba 14. Nilifyeka nyasi zote chini. Kovu la kubebesha liko sentimita ishirini na kitu kutoka ardhini, na juu yake kuna kijiti kikavu, kimekufa zamani, kimebaki kama kucha. Mti wote, shina na matawi, umetokea chini ya kovu.

BwanaShambaMstaafu

Nilijua. Boribo yako ilikufa ingali changa, na wewe ukamwagilia mguu. Ule ni mche wa kokwa uliobebeshwa, kokwa lolote lililookotwa sokoni. Hauna jina, usihangaike kulitafuta kwenye kitabu chochote. Ukitaka, ukate, ubebeshe upya juu yake boribo ya jirani yake, utapata tunda ndani ya miaka miwili mitatu.

ChipukiziTabora

Usikate! Ladha ikoje?

MwembeMtano

Ndogo, duara, nyuzi zipo, ganda linanuka tapentaini. Lakini nyama yake tamu vibaya, ina ukali kidogo mwishoni kama imepitishwa kwenye ndimu. Watoto hawali nyingine. Kent nimeweka mezani siku mbili haijaguswa, hii wanaifuata hadi bwawani.

BintiMuyuni

Shangazi anauliza jani lake linanuka vipi.

MwembeMtano

Mwambie nitampelekea jani na embe lenyewe, nina mtu anavuka Ijumaa.

Sikati. Jioni hii jirani alikuja na kisu na kiroba, anataka vikonyo akabebeshe kwake miche sita. Nikamuuliza ya boribo au ya Kent? Akasema, "Aka, nipe ile kumi na nne."